Kadi Kumi na Nne Zisizo na Mstari

Mtani wangu Mwanahawa,

Ulikufa Jumapili alfajiri. Jumatano, siku ileile tuliyoanua matanga yako kule Kisarawe, mashine yetu ya Kibaha, ile kompyuta ya kadi, ikazimwa moja kwa moja. Nimepoteza wawili ndani ya wiki moja, na hakuna hata mmoja aliyeniaga. Wewe uliniambia subiri nipone. Mashine haikusema kitu. Fundi alichomoa waya, akaifunika kwa turubai la kufunikia mahindi, akaenda kula.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira na nina swali. Nianze na hasira, maana swali linataka kichwa kilichopoa.

Chumba chetu hungekitambua. Kiyoyozi kimeng'olewa, kimehamishiwa kwa Ndugu Mkurugenzi, na ukutani limebaki tundu la mraba nililoliziba kwa kanga yako kuukuu, ile uliyokuwa unajitanda kwa baridi ya mle ndani. Watu wanaingia na viatu. Jana karani wa stoo ameingia na matope yake, ameegemea mashine, anakula muhogo wa kuchoma, na mimi nikanyamaza. Mimi, Kalunde, nikanyamaza! Zamani Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, na wewe unamkagua soksi. "Ndugu, hiyo ina tundu. Matundu hapa ni ya kadi tu." Nani mwingine angemwambia hivyo akabaki na kazi?

Tulianza siku moja, mashine ikiwa bado kwenye masanduku ya mbao. Wewe ulikuwa na cheti cha sekondari na viatu vya kamba. Mimi nilitoka kwenye mkonge, binti wa Mnyamwezi aliyekuja pwani kukata majani akafia kwenye kuyakata. Darasa la nane, na hesabu nyingi nilizijua kutokana na matita ya baba: majani thelathini, tita moja, na msimamizi anayekuibia mawili kila akihesabu kama hujui kumsahihisha. Nikaajiriwa kutoboa kadi, zile karatasi ngumu ambazo mashine inasoma matundu yake. Wewe ukaajiriwa kuandika programu. Nilikuuliza maswali mpaka ukachoka. Siku moja ukavuta kiti, ukakipigapiga. "Kaa hapa, mpagazi wee. Bora nikufundishe kuliko nikusikilize."

Siku hizo zilikuwa tamu, na utamu wake siwezi kumweleza mtu asiyekuwepo. Dakika za mashine zilikuwa haba kama sukari ilivyo sasa, kwa hiyo programu tulizijaribu kwanza kwa midomo yetu. Wewe unasoma amri, mimi nakuwa mashine. Soma kadi. Jumlisha. Kama baki ni dogo kuliko sifuri, rudi juu. Nami nilirudi juu kweli, na kidole kwenye karatasi, mpaka tunafika mahali nakwama, unapiga paja. "Hapo! Hapo ndipo nilipolala!" Tulikuwa tukicheka kama watu wanaocheza bao. Na ile programu yetu ya kwanza, unaikumbuka? Ilitakiwa kuandika jina la wilaya juu ya ukurasa, mara moja tu. Ikaandika KIBAHA, KIBAHA, KIBAHA, karatasi zinamwagika sakafuni, wewe unaizunguka mashine unaomba radhi kana kwamba umemkanyaga mkweo. Tulisahau kuiambia iache. Mwezi mzima maandazi ya Kibaha yalifungwa kwa karatasi zilizoandikwa Kibaha.

Masika kadi zilikuwa zinavimba, kisomeo cha mashine kinazikataa. Wazungu walioileta mashine hawakuandika dawa ya hilo kwenye kitabu chao. Wewe ulizianika kwenye jamvi nyuma ya ofisi, ukazigeuzageuza kama mpunga, ukikemea kuku. Vile vipande vidogo vinavyodondoka kwenye matundu tuliviita pumba, na harusi ya mdogo wako tuliwamwagia maharusi gunia zima. Kisha zilipopigwa marufuku kompyuta mpya nchini, ya kwetu ikawa bibi kizee wa kulelewa. Tunaipangusa, tunaisemesha, tunaibembeleza imalize mwezi. Na kila mwezi ilimaliza. Vijiji vyetu vyote vyenye pampu za maji vilijua mgao wao wa dizeli unatoka kwenye karatasi ya mashine, na karatasi haina shemeji.

Sasa hasira.

Kila kadi ina safu themanini. Programu inakula sabini na mbili. Nane za mwisho zinakaa bure. Nilikuambia mara ngapi, Mwanahawa? Tuzitie namba. Kumi, ishirini, thelathini, tuache nafasi tisa katikati kwa ajili ya marekebisho. Kadi zikimwagika, mtoto wa darasa la pili anazipanga. Ukanicheka mbele ya watu. "Nyie Wanyamwezi mmezoea kuhesabu mizigo ya wenyewe, sasa mnataka hata kadi ziitike majina asubuhi!" Ukasema sindano za kutobolea zikikatika hatupati nyingine, fedha za kigeni hakuna. Hilo lilikuwa kweli, sikatai. Lakini kweli ya pili ni kwamba ulipenda mambo yapendeze. Ukazibana kadi zote kwa ubao, ukachukua piko, piko ya harusi, ukachora mstari mmoja wa mshazari kwenye kingo zake kutoka pembe hadi pembe. Kadi moja ikihama, mstari unakatika, jicho linaona. Kulikuwa na uzuri ndani yake, nakiri. Kila mgeni aliyekuja ulimwonyesha.

Kisha ukaanza kuumwa. Ukarudi kwenu Kisarawe na lile sanduku la kadi, na kitoboleo cha mkono, ukasema kuna jambo linakukera kwenye programu ya dizeli, utalimaliza kitandani. Nilikuja kukuona mara ya mwisho ukiwa umeegemea mto, kadi mapajani, macho makubwa usoni kuliko uso wenyewe. Ulitoboa tundu moja moja kwa kidole gumba kilichokuwa kimevimba. "Nimemaliza, Kalunde. Sasa hakuna kijiji kitakacholala na kiu." Nikakuuliza, hizi kadi mpya umezipachika wapi? Ukanikonyeza. "Mwanafunzi mzuri hamharakishi mwalimu. Subiri nipone, utakuwa mashine, nitakusomea." Nilitamani kulifungua sanduku palepale. Sikulifungua kwa sababu ulikuwa unacheka, na ulikuwa hujacheka muda mrefu.

Hukupona.

Matanga yako yalikuwa na watu, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, kazi ya utani tuliifanya nyumbani. Na ulijua nitaifanya, ulinionya mwenyewe: "Nikifa usije ukalia tu kama mke mwenza, nichekee." Basi nikavaa kanga yako, nikavaa miwani yako, nikakaa juu ya kinu. Ungo nikaufanya mashine. Nikatoa kadi kwenye sanduku lako moja moja, nazilisha ungo, natetemesha mashavu kama kisomeo kinavyonguruma, kisha nakwama, naukemea ungo kwa sauti yako: "Wewe, bibi, usinitie aibu mbele ya huyu mpagazi!" Watu walicheka huku wanalia. Shangazi yako Tatu alicheka mpaka akashika mti. Nilipomaliza nikalibeba sanduku kwapani, nikatangaza nimeliteka, sitalirudisha mpaka nikombolewe, maana ndivyo desturi ilivyo na watani hawakatazwi.

Kaka yako akasema wacha achukue, karatasi zenyewe zimeliwa na panya.

Hapo nilitaka kuweka utani chini nimpige. Miaka yako yote, Mwanahawa! Shangazi Tatu ndiye aliyekuokolea heshima. "Koma wewe! Mtoto wa watu alikuwa anazilaza hizi kitandani, yeye akilala chini. Zitakombolewa." Akaenda bandani, akarudi na tetea mweusi, akanisukumia kifuani, mikono yangu ina sanduku, kuku hajafungwa miguu. Akapiga mbawa. Nakwambia kuku wa Kisarawe ana nguvu za mashetani. Sanduku likaenda juu, kadi zikaenda uani kote, nyingine kwenye majivu, nyingine chini ya sufuria za pilau.

Na wanawake wa kwenu, kwa wema wao, Mungu awalipe, wakainama wote. Sikupata hata nafasi ya kusema acheni. Walizipangusa kwa kanga. Walizipanga ile pembe iliyokatwa ya kila kadi ikae upande mmoja, uso upande mmoja, wakazigongagonga mezani mpaka zikawa sawa kama tofali. Shangazi Tatu akanikabidhi kwa mikono miwili. "Haya mwanangu, hata mwenyewe hakupata kuzipanga vizuri hivi." Nikasema ahsante, Shangazi. Ningesema nini?

Mstari wako wa piko ulikuwa umekuwa vumbi la nukta nyeusi.

Nikarudi nazo Pangani, hapahapa Kibaha, nikazitandaza sakafuni kwangu, nikafanya kazi ya jicho. Nukta hii juu ya hii, hii chini ya ile. Mstari ukarudi. Nakupa haki yako: ulikuwa na akili. Kadi zote za zamani zimekaa mahali pake na nimezisoma mara mbili. Lakini kumi na nne ni nyeupe. Hizo ni zako za kitandani. Hukuzipitishia piko, hukuzitia namba, hazijawahi kuingia kwenye mashine hata mara moja, na ndiyo hizo nisizojua zinakaa wapi.

Nimezisoma. Zinasema: pitia vijiji kimoja kimoja, kila chenye mgao chini ya lita arobaini kifikishe arobaini. Amri safi, kama kawaida yako. Lakini kuna mahali pawili zinapoingia, na pote pawili mashine itazikubali bila kelele. Zinaweza kukaa mbele ya ile hesabu ya kugawa kwa idadi ya watu, au nyuma yake. Sikiliza tofauti yake, nimezifanya namba ziwe nyepesi ili hata Mzaramo kama wewe aelewe.

Tuseme tuna lita elfu moja, vijiji kumi, watu elfu nane. Gwata ina watu mia nne. Kadi zikikaa mbele, bado hakuna kijiji chenye mgao, kwa hiyo kila kimoja kinachukua arobaini kwanza, zinabaki mia sita, Gwata inapata thelathini juu yake. Sabini. Zikikaa nyuma, elfu yote inagawanywa kwa watu, Gwata inapata hamsini, na kwa kuwa hamsini imevuka arobaini, kadi zako zinaiacha hivyohivyo. Vijiji viwili vidogo kuliko vyote ndivyo vinavyoongezewa, kutoka pipa la dharura. Pampu ya Gwata inakunywa lita mbili kwa saa, na kijiji kinahitaji saa moja kila siku. Kwa sabini wanamaliza mwezi. Kwa hamsini pampu inanyamaza tarehe ishirini na tano, na wanarudi kwenye madimbwi.

Utasema basi ziweke mbele. Ngoja. Kile kijiji kikubwa cha barabarani chenye zahanati ya wazazi kina watu elfu mbili, na pampu yake inakula lita nane kwa saa, nayo pia saa moja kila siku. Kadi zikikaa nyuma kinapata mia mbili na hamsini, mwezi unaisha salama. Zikikaa mbele kinapata mia moja na tisini, na kabla ya tarehe ishirini na nne haijaisha pampu imezimika. Wanawake wanajifungua pale. Mkunga wa pale unamjua, alikuja matangani kwako, alitulia pembeni, hakula.

Na usiniambie niziache kadi zako kabisa. Nikiziacha, vile viwili vidogo vinakauka katikati ya mwezi, na ndiyo sababu ulikitesa kile kidole.

Ningekuwa mtu mwingine ningechagua tu. Lakini mama yangu yuko Gwata. Magoti yake unayajua, ulimwita mkweo, ukamletea kisamvu cha nazi akakwambia nazi zimekuharibu akili. Akienda kisimani wenzake wanamtania, "Mama Kalunde, pampu ya mwanao leo imeamkaje?" Naye hucheka, kisha akinikuta peke yangu ananiuliza taratibu, "Mwanangu, hivi mashine hiyo haijui kwamba mimi ni mzee?" Nikiziweka mbele, mkono wangu ndio utakaokuwa umempa mama maji na kumnyima mzazi. Nikiziweka nyuma ili nionekane mwadilifu, nitakuwa nimemkaushia mama ili nisifiwe. Nimezihamisha kadi zile mbele na nyuma mpaka kingo zimeanza kulainika. Kila ninapoamua, nauona uso wa mtu. Wewe ulipoamua hukuona uso wa mtu yeyote, uliona hesabu, na ndiyo maana nakuuliza wewe. Uamuzi ulishafanyika, Mwanahawa. Uliufanya ukiwa hai na akili zako timamu. Mimi natafuta tu mahali ulipouweka.

Na muda umekwisha. Ndugu Mkurugenzi ameomba mashine ya Dar, wametukubalia Ijumaa mchana, mara moja tu. Aliniita, kiyoyozi chetu kinavuma juu ya kichwa chake, akasema, "Ndugu Kalunde, karatasi ikitoka tutaifuata. Isipotoka, au ikitoka ya ovyo, kuanzia mwezi huu nitagawa kwa busara." Busara yake tunaijua. Ina milango miwili, na unaopitika ni wa uani. Akishaanza kugawa kwa busara, hakuna programu itakayorudi tena, na vijiji visivyo na mtu mjini vitasahaulika vyote, Gwata pamoja na vile viwili vidogo.

Nilimweleza Shangazi Tatu, nilivyoweza, bila kusema kuku ndiye chanzo. Alinisikiliza, akachambua mchele wake. Kisha akasema, "Muulize mwenyewe. Sisi ndugu tunamwombea dua, hatuwezi kumfokea. Wewe ni mtani wake. Mtani anamwamrisha maiti." Nikasema, atanijibuje, Shangazi? Akasema, "Hayo ni yake. Kazi yako ni kuuliza vizuri."

Kwa hiyo Alhamisi alasiri nitapanda basi, nitakuja mpaka juu Kisarawe, nitakaa kando ya kaburi lako na nitakusomea barua hii kwa sauti. Njia ya kujibu chagua mwenyewe. Nijie usingizini, nikumbushe neno moja ulilosema kitandani nikalipuuza, mtie Shangazi ulimini aropoke. Mimi nakuahidi hili, na hutanisikia nikiahidi mara mbili: utakaposema zikae, ndipo zitakapokaa. Ukisema nyuma, nitakwenda Gwata kila Jumapili kumbebea mama ndoo kichwani, na wewe nitakupokelea lawama zake. Ukisema mbele, nitakwenda mwenyewe kwa mkunga yule, nimtazame usoni, nimweleze hesabu yote. Jina lako sitalificha, na langu sitalificha.

Lala, Mzaramo wangu mpenda ngoma. Mungu akupanulie kaburi, akupe ubaridi kuliko ule wa chumba chetu. Nimechoka kuwa mashine peke yangu. Hakuna wa kunisomea amri.

Gari la Dar linawashwa Ijumaa saa nne asubuhi, na sanduku litakuwa mapajani kwangu. Nijibu kabla ya hapo, neno moja linatosha. Mbele, au nyuma?

Mtani wako,
Kalunde